Mtoto kachukuliwa na wapiganaji ng'ambo ya Ruvuma, malalamiko yanapelekwa wapi?

Mwana_Shangani (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo yenu maana nimeuliza watu mpaka nimechoka. Nipo Mtwara mjini, kwenye nyumba tunayokaa kuna mama mpangaji mwenzetu, kwao ni Palma, Msumbiji. Alivuka mto 2021 baada ya wapiganaji kuushambulia mji wao mwezi wa tatu, akaja na watoto wawili, yule wa kwanza wa kiume alikuwa na miaka 13 hakufika, wale jamaa wa msituni waliwakuta njiani wakamchukua yeye na vijana wengine. Hajamwona tena. Baadae akapata habari kwa watu waliotoka huko, wengine wanasema kijana alionekana amebeba bunduki, wengine wanasema alitoroka akajisalimisha na kuna sehemu anashikiliwa, yani hakuna anayejua lipi la kweli. Ndugu zake waliobaki wamepita ofisi za huko, yeye kapita za huku, kila anakokwenda anaambiwa subiri, kashapiga simu kashaandika barua hakuna kitu.

Sasa mi nasikia kuna Mahakama ya Afrika pale Arusha, na nasikia kuna kamati ya watoto ya Umoja wa Afrika. Hivi mtu wa kawaida kama huyu mama anaweza kupeleka malalamiko huko? Na anamlalamikia nani wakati waliomchukua mtoto ni waasi sio serikali? Halafu hilo la bunduki ndio linanitia hofu, isije ikawa tunamtafutia mtoto kesi badala ya kumsaidia. Naomba wenye uelewa, siasa pelekeni jukwaa lake.

Kobe_wa_Mikindani

Mkuu hapo umeingia maji marefu. Kuwashtaki waasi ni sawa na kumpelekea nyani stakabadhi akulipe korosho alizokula. Hawana anuani, hawana wakili, hawaendi Arusha. Mwambie mama amuombe Mungu tu. Nimepita.

Paralegal_Masasi

Mleta mada usikatishwe tamaa na Kobe, ila kuna kitu kimoja kasema kweli: waasi hawalalamikiwi huko. Vyombo vyote hivi vya kikanda, uwe wa Afrika, wa Ulaya, wa Amerika, mlalamikiwa ni nchi. Kwahiyo barua ikiandikwa "magaidi wamemchukua mwanangu" ikaishia hapo inarudi. Inatakiwa iseme nchi fulani ilikuwa na wajibu huu na huu kwa mtoto huyu na haikuutimiza, haikumlinda wakati hatari inajulikana, haikumtafuta, haikuchunguza, au imempata na imemweka ndani bila kumwambia mama yake. Hayo ndio malalamiko yenyewe. Jinai ya mtu mmoja mmoja ni mambo ya ICC, ile Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, ndiko Lubanga, kiongozi wa waasi wa Kongo, alikutwa na hatia 2012 kwa kuwaingiza watoto wa chini ya miaka 15 vitani akala miaka 14, lakini ile sio ya kikanda na mama hapeleki kesi pale, anayeamua ni mwendesha mashtaka.

Sasa milango. Arusha naomba muisahau kwa hili. Mtu binafsi anaingia pale moja kwa moja pale tu nchi anayoilalamikia imeweka tamko maalumu la kuruhusu, Msumbiji imeridhia itifaki ya mahakama lakini tamko haijaweka, na sisi Tanzania tulikuwa nalo tukaliondoa Novemba 2019, likakoma mwaka mmoja baadae. Mahakama ipo kwetu, majaji wanakunywa kahawa yetu, na Mtanzania hawezi kuishtaki nchi yake humo, mi hili huwa linaniuma ila mleta mada kasema siasa hataki. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikuwa na mahakama yake Windhoek, wakubwa wakaisimamisha 2010 baada ya kesi za mashamba ya Zimbabwe, na ilipokuja kuandikiwa itifaki mpya raia wa kawaida akaachwa nje. Ile ya Afrika Mashariki Msumbiji sio mwanachama.

Mlango uliobaki wazi ni hiyo Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto. Wajumbe 11, ofisi ilikuwa Addis Ababa siku hizi iko Maseru, Lesotho. Inasimamia ule Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, ulioanza kufanya kazi Novemba 1999. Msumbiji iliridhia 1998, Tanzania 2003. Uzuri wake ni kwamba ibara ya 44 haitaki tamko la ziada, nchi ikisharidhia mkataba inaweza kulalamikiwa na mtu yeyote, kikundi, au asasi inayotambuliwa na Umoja wa Afrika, na nchi mwanachama au na Umoja wa Mataifa. Hakuna ada. Banjul, Gambia, nako kuna Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo inapokea, ila kwa mtoto mi ningeenda Maseru.

Ibara yenu ni ya 22. Inasema nchi ichukue hatua zote zinazohitajika kuhakikisha hakuna mtoto anayeshiriki moja kwa moja kwenye mapigano, isimwandikishe mtoto yeyote, na iwalinde na kuwatunza watoto walioguswa na vita, na inasema wazi kuwa inahusu hata vita vya ndani na machafuko. Na mtoto kwa mkataba huu ni chini ya miaka 18 bila kuzungusha. Ule wa Umoja wa Mataifa wa 1989 kwenye mambo ya vita uliishia miaka 15, ikabidi waje kuuongezea itifaki mwaka 2000. Wa kwetu ulianza na 18 toka mwanzo.

Kuhusu bunduki usiogope. Chini ya mkataba huu mtoto aliyechukuliwa na kupewa silaha anatazamwa kwanza kama aliyekosewa. Kamati haimhukumu mtu yeyote. Kama kweli alijisalimisha na anashikiliwa na watu wa serikali kama mfungwa wa vita hapo ndio malalamiko yanapata nguvu zaidi, maana sasa mkono wa nchi uko juu yake moja kwa moja.

Mbishi_Newala

Paralegal umeandika vizuri sana kama mtihani lakini waambie watu ukweli wote. Malalamiko ya kwanza kabisa kufika kwenye hiyo Kamati yalikuwa ya hivihivi, watoto wa kaskazini mwa Uganda kipindi cha waasi wa Kony. Yalipelekwa 2005, uamuzi ukatoka 2013. Miaka NANE. Mtoto wa miaka 10 ameshakuwa baba wa mtu. Na walichokipata ni nini, mapendekezo. Kamati haina polisi, haina gereza, haina hata mgambo.

Na msidhani ni Afrika tu. Julai 2025 Mahakama ya Ulaya imetoa hukumu Urusi imevunja haki kibao Ukraine ikiwemo kuhamisha watoto kuwapeleka Urusi. Sasa Urusi ilishatolewa Baraza la Ulaya, lenye mahakama hiyo, toka Machi 2022, nani anamlazimisha? Mama wa watu mnampa matumaini ya karatasi.

Paralegal_Masasi

Mbishi hiyo ya Uganda ndio ningeshauri kila mtu aisome, sio kwa kukata tamaa, kwa kujifunza walichoshinda na walichoshindwa. Walalamikaji walipeleka mambo mengi, utekaji, ukatili wa kijinsia, shule, afya. Kamati ikakuta Uganda imekiuka ibara ya 22 pamoja na ule wajibu wa jumla wa ibara ya 1, na kilichoibana ni watoto waliokuwemo kwenye majeshi ya upande wa serikali yenyewe. Yale mengine hayakupita. Yani ubaya wa Kony, pamoja na dunia nzima kuujua, haukutosha peke yake kuitia nchi hatiani, unatakiwa uonyeshe serikali ilijua nini, ilikuwa na uwezo wa kufanya nini, na haikufanya nini. Ndio maana nimeanza na hilo juu.

Kuhusu muda, miaka nane ni aibu, sikatai. Lakini ile ilikuwa ya kwanza, Kamati yenyewe ilikuwa changa haina hata wafanyakazi wa kueleweka. Angalia ya kwetu, ya wasichana waliokuwa wanafukuzwa shule kwa ujauzito, ilipelekwa 2019 dhidi ya Tanzania uamuzi ukatoka 2022, na waraka wa kuwaruhusu kurudi shule ulitoka 2021 kesi ikiwa bado inaendelea. Siwezi kusema waraka ule ni kazi ya kesi peke yake ila kesi ilikuwepo mezani. Malawi walilalamikiwa kwa sababu katiba yao ilimhesabu mtoto kuishia miaka 16, wakakaa mezani wakapatana, 2017 katiba ikabadilishwa ikawa 18. Hiyo njia ya kupatana ipo kwenye utaratibu wa Kamati na nchi nyingi zinaipenda maana haiwaaibishi.

Na kuna hatua za dharura. Kama mtoto yuko kwenye hatari ya madhara yasiyorekebishika Kamati inaweza kuiandikia nchi ichukue hatua wakati malalamiko yenyewe bado hayajasikilizwa. Kwa kijana anayedaiwa kushikiliwa mahali pasipojulikana ombi hilo ndio la kwanza kuliandika, sio fidia.

Mtu_wa_Kilambo

Nyongeza kidogo kwa Paralegal, kuna kesi za Amerika ya Kusini na Kati zinafanana sana na ya huyu mama. Kuna ya dada wawili wa familia ya Serrano Cruz kule El Salvador, mmoja miaka 7 mwingine miaka 3, walichukuliwa na wanajeshi Juni 1982 kipindi cha vita ya wenyewe kwa wenyewe, hawakuonekana tena. Ikafika Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, na nchi ikajitetea kwamba wakati watoto wanapotea ilikuwa bado haijaikubali mahakama hiyo, iliikubali 1995. Mahakama ikasema sawa, kupotea kwenyewe hatukuhukumu, tunahukumu namna mlivyochunguza baada ya hapo. 2005 nchi ikakutwa na hatia kwa uchunguzi mbovu na kwa mateso ya familia yenyewe, mama kuishi miaka yote hiyo bila kujua watoto wako wapi ikahesabika ni ukiukwaji peke yake. Wakaamriwa waunde tume ya kutafuta watoto waliopotea vitani.

Paraguay nayo ilikutwa na hatia kwenye mahakama hiyohiyo 2006, kijana aliingizwa jeshini ana miaka 15 akauawa humohumo jeshini mwaka 1989. Vita hata haikuwepo.

Hizo hazifungi nchi za Afrika lakini mkataba wetu unaruhusu Kamati kuchota kwenye sheria za wengine, na wakili akijua anazitaja.

Lingine, hivi mnaona mnaisahau Tanzania? Sisi tunaokaa karibu na kivuko tumeona mengi. Baada ya kijiji cha Kitaya huku kwetu mpakani kushambuliwa Oktoba 2020 mpaka ulikaza, na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ililalamika hadharani kwamba waomba hifadhi wanarudishwa Msumbiji kupitia Negomano. Mkataba uleule ibara ya 23 unataka mtoto mkimbizi alindwe na asaidiwe kutafutwa wazazi wake, awe na mzazi au hana. Kwahiyo kama mtoto alifika huku akarudishwa, mlalamikiwa ni nchi nyingine kabisa. Mleta mada hakikisha unajua mtoto alipotelea upande gani wa mto kabla hujaandika chochote.

Mwana_Shangani (mleta mada)

Alipotelea upande wa kule, hilo mama ana uhakika nalo, walikuwa hawajafika hata mtoni. Asanteni sana mnanipa mwanga. Ila nimesoma sehemu wanasema lazima umalize mahakama za nchini kwanza. Mahakama gani jamani, mji wenyewe ulikuwa umehamwa.

Paralegal_Masasi

Sharti lipo ila lina mlango wa nyuma, njia za ndani zinatakiwa ziwe zipo, zinafikika na hazichukui muda usio na maana. Malalamiko ya watoto wa Kinubi wa Kenya, waliokuwa wananyimwa uraia, Kamati iliyakubali 2011 wakati shauri lao limelala mahakamani Nairobi miaka halina mbele wala nyuma. Sehemu ambayo mahakimu wenyewe wamekimbia hoja inajieleza, lakini usiiandike kwa kifupi tu kwamba "haiwezekani". Weka kila barua, kila ofisi waliyopita ndugu, tarehe, na jibu walilopewa hata kama jibu lilikuwa la mdomo. Zile subiri subiri zinazomchosha mama ndio ushahidi wake.

Bi_Somoe_Lindi

Wanangu hamjambo. Nimesoma yote, mmesema ya sheria na mmesema vizuri, mimi niseme ya mtoto. Nimekaa na kina mama waliovuka, huku Lindi wapo, Mtwara ndio usiseme.

Kwanza kabla ya Maseru apelekwe Msalaba Mwekundu. Wana kazi yao ya kutafuta ndugu waliopotezana vitani, wanapokea jina na maelezo wanaulizia hadi kwenye sehemu watu wanazoshikiliwa pale wanapokubaliwa kuingia. Haigharimu kitu na haimzuii kulalamika baadae. Mimi sipendi mtu akimbilie kesi wakati mtoto hajatafutwa.

Pili, hizo habari za kijana kaonekana na bunduki mama aache kumsimulia kila jirani. Mnaijua mitaa yetu. Siku kijana akirudi hapo nyumbani atakuta jina limeshamtangulia, na wanaorudi kazi kubwa sio mahakama ni kukubalika, anakaa na nani, anasoma wapi, nani atamwozesha binti yake. Kwa wasichana ndio mbaya zaidi maana wanarudi na watoto mgongoni na watu wanahesabu miezi.

Tatu umri. Mmesema mtoto ni chini ya miaka 18, sawa, sasa muulizeni mama ana nini cha kuonyesha. Kule vijijini wengi cheti cha kuzaliwa hawakupata, na waliopata viliungua na nyumba. Kadi ya kliniki inafaa, kitabu cha madrasa, daftari la shule lenye darasa na mwaka, hata mkunga aliyemzalisha aandike. Kijana wa miaka 13 mwaka ule leo ana ndevu, mtu akimwona anamwita mtu mzima.

Mbishi_Newala

Shikamoo bi Somoe. Hapo kwenye umri ndio nilikuwa nakuja. Akishafika 18 si kesi imekufa? Sio mtoto tena.

Paralegal_Masasi

Haifi. Kinachoangaliwa ni umri wake wakati anatendewa, na kutotafutwa kwake ni jambo linaloendelea toka akiwa na miaka 13. Ila kukaa bila kuandika nako kuna ubaya wake, malalamiko yanatakiwa yaletwe ndani ya muda wa kueleweka, kwahiyo asilale.

Marahaba ya bi Somoe naidandia, shikamoo mama. Umenikumbusha kitu, malalamiko hayawezi kupelekwa bila jina la anayelalamika, lakini anaweza kuomba jina lake na la mtoto lisitangazwe, mnaona nyingi zimeandikwa kwa jina la asasi. Na asasi ni bora kwa sababu nyingine pia, baada ya uamuzi nchi inapewa siku 180 kurudisha ripoti ya utekelezaji, hapo anatakiwa mtu wa kukumbushia na kukumbushia tena, mama anayeuza vitumbua hawezi kushindana na wizara. Kamati yenyewe haiwezi hata kuipeleka nchi Arusha, mahakama ilishatoa ushauri 2014 kwamba haimo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, ingawa ikasema ingefaa sana iwemo. Tume ya Banjul ndio inaweza. Kwahiyo Mbishi yuko sahihi kwamba meno ni machache, ndio maana kelele za nje zinahitajika.

Kobe_wa_Mikindani

Nimerudi. Hivi barua inaandikwa lugha gani, maana huyo mama nadhani anajua Kimakonde na Kiswahili tu, Kireno chenyewe cha kuungaunga.

Mtu_wa_Kilambo

Kiswahili ni lugha ya Umoja wa Afrika ila kwa haraka ya kazi andikeni Kiingereza au Kireno. Kireno kina faida hapa maana jibu la serikali na nyaraka za ndugu zake zitakuwa za Kireno. Yeye asimulie kwa lugha yake, mtu arekodi, kisha itafsiriwe na asomewe tena kabla hajaweka dole gumba. Nimeona maelezo ya watu yanaharibikia hapo, mkalimani anaongeza chumvi yake, baadae tarehe hazikutani.

Mwana_Shangani (mleta mada)

Nimeongea nae sasa hivi. Kadi ya kliniki anayo, aliivusha kwenye mfuko wa nailoni pamoja na za wale wawili, ina jina na tarehe na mhuri unasomeka nusu. Pia kuna mjomba wake Mueda ana nakala ya barua moja waliyopeleka. Niipige picha kadi niweke hapa muione inafaa?

Bi_Somoe_Lindi

Usiweke mwanangu. Wala kwenye magroup ya WhatsApp. Toa kopi mbili, moja akae nayo mwenyewe, moja mpe atakayeandika.

Paralegal_Masasi

Bi Somoe kamaliza. Na ile post ya kwanza rudi uipunguze, umeweka mji anaotoka na umri wa mtoto, hapa wanasoma wengi. Kopi ya barua ya mjomba muombe aitume kwa mtu anayekuja, isipigwe picha. Mkiwa tayari njooni Masasi wiki hii, kuna asasi ya sheria ya wanawake nitawaunganisha nayo, wao ndio watasaini. Nitumie namba inbox.

Mwana_Shangani (mleta mada)

Sawa kaka, nimemwomba admini anisaidie kufuta maana kitufe cha kuhariri kimeshafunga. Alhamisi tutakuja, mama anauliza aje na wale wadogo au abaki nao jirani.

Paralegal_Masasi

Aje peke yake siku ya kwanza. Maelezo yatakuwa marefu na kuna mambo hatayasema mbele yao.